Sababu ya Mnara wa Mwamgongo

Kunja mdomo wako hivyo hivyo. Wewe ndiye uliyesema jini hakai kwenye kompyuta, kana kwamba uliwahi kumuuliza anapenda kukaa wapi. Nyamaza usikie yaliyomkuta Melania pale Kibirizi, kisha ukachekee kwako.

Melania alikuwa akifagia na kuchemsha chai kwenye ofisi ya watu wa intaneti. Minara yao imesimama katika vijiji vya ziwani, na mnara ukizima, kompyuta inaandika mstari, printa inautoa. Jumatatu moja asubuhi aliokota karatasi imelowa. Juu bati halivuji, mezani hakuna kikombe. Akainusa. Ilinuka matope na nyavu zilizooza.

"Saa 4:10. Mwamgongo. Umezima. Sababu:" Baada ya hapo, peupe.

Leodgar, fundi wa kompyuta, alipoiona aliweka kidole kwenye neno la mwisho. "Hilo neno la mwisho nililiondoa mwenyewe, mama. Mwezi wa pili."

"Lilikukosea nini?"

"Bosi Feliksi alitaka mistari mifupi, ienee kwenye simu yake."

Mwezi wa pili ndio aliokufa Elikana, mwana pekee wa Melania, fundi wa minara. Alipanda boti kwenda kuwasha mnara wa Mwamgongo, ziwa likachafuka, na mpaka leo hajaonekana. Ofisi iliandika barua kwamba hakutumwa na mtu, alikwenda kwa kiherehere chake. Msibani watu wa jumuiya ya kanisa wakanong'ona kwamba marehemu alikuwa amelewa, Feliksi na Leodgar wakisikia. Melania akarudi kufagia palepale, akingoja mmoja wao aseme kweli.

Leodgar alilifuta tena lile neno. Likarudi. Akapanga mistari upya, saa na jina la mnara tu, likarudi. Kufika Alhamisi printa ilikuwa imechomolewa kwenye umeme na bado inatoa karatasi, mchana kweupe, jua linawaka nje na wachuuzi wa dagaa wanabishana barabarani, na kila karatasi ilitoka imelowa kuliko iliyotangulia, na harufu ikapanda mpaka kwenye mapazia na kwenye chai, na chini ya meza kukasikika mtu anayehema kama aliyetoka kuzama, anavuta pumzi, anaikosa, anavuta tena.

Feliksi akamleta mganga kutoka Ujiji. Mzee yule alifukiza ubani, moshi ukapanda bila kunukia.

"Nani kamwondolea kitu chake?" aliuliza kwa sauti ya chini.

Leodgar alimtazama Feliksi.

"Mrudishieni."

"Usirudishe," Feliksi alimnong'oneza Leodgar.

"Rudisha, mwanangu," alisema Melania. "Au nikushikie mkono?"

Leodgar akairudisha kwenye kompyuta sehemu yote ya sababu aliyoiondoa. Printa ikakohoa, ikatoa mstari wenye tarehe ya siku ile ya mwezi wa pili:

"Saa 4:10. Mwamgongo. Umezima. Sababu: mawingu, betri ya sola imeisha. Utawaka wenyewe jua likitoka. Aliyetumwa: Elikana. Aliyemtuma: Feliksi."

Melania aliusoma mara mbili, kidole chini ya kila neno, kama alivyofundishwa darasa la kwanza. Mawingu. Mwanawe alipelekwa ziwani kwa ajili ya mawingu, na mawingu yaleyale ndiyo yaliyomzamisha.

Mganga alikusanya chetezo chake. "Huyu si wa kufukuzwa na mimi," akasema, akatoka bila kuaga.

"Mama Elikana," alisema Feliksi, "kaa basi, tuyazungumze."

"Utayazungumza jumuiyani Jumapili. Mbele ya watu walewale mliowaacha wamwite mlevi."

Akaikunja karatasi ilivyolowa, akaifunga kwenye pindo la kanga, akachukua dekio lake, akaenda mlangoni. Nyuma yake printa ikaanza tena.

"Saa 9:02. Ofisi. Watu wawili ndani. Sababu:"

Maji yalikuwa yanatoka kwenye viatu vya Feliksi, meusi, yanatambaa sakafuni kumfuata Leodgar, na ile pumzi ya chini ya meza sasa ilikuwa imesimama wima katikati ya chumba, ikihema juu ya vichwa vyao.

"Mama," Leodgar alinong'ona, "usituache naye."

Melania aliliegemeza dekio ukutani.

"Mimi nimeshapiga deki leo," alisema. "Hayo maji ni yenu."

Akatoka, akafunga mlango.