Puto Lililompima Fundi

Mume wangu ni fundi cherehani. Mtaa mzima unamwita Fundi. Mimi pia namwita hivyo, ila nikiwa na hasira namwita vingine.

Cherehani yake iko sebuleni, karibu na dirisha. Ikifika saa saba mchana anaacha kazi, ananawa, tunakula. Zamani alikuwa mlaji wa kusifiwa. Sahani yake ilikuwa haihitaji kuoshwa.

Mwaka juzi mambo yakabadilika. Akila vijiko viwili vya wali, anasimama. Ananyoosha shingo kama jogoo anayetaka kuwika. Anakunywa maji, glasi baada ya glasi. Mara nyingine anatoka uani, anarudi macho yamejaa machozi.

"Wali wangu una mawe?" nilimwuliza.

"Wali mzuri, mama watoto. Nimeshiba."

"Umeshiba vijiko viwili? Wewe ni mtu au kifaranga?"

Nikaanza kumshuku. Nikasema moyoni, huyu anakula kwa mwanamke mwingine. Lakini mume anayekula nyumba mbili hunenepa, na huyu wangu alikonda. Suruali zake alizipunguza kiuno mara tatu. Akilala, anakohoa. Asubuhi moja nikakuta punje za wali kwenye mto wake. Ulikuwa wali wa jana, mzima vilevile kama nilivyoupakua. Haukuwa umefika tumboni kabisa.

Hapo nikaogopa.

"Fundi, leo tunakwenda hospitali."

"Nina suti ya bwana harusi."

"Bwana harusi ataoa hata na shuka. Vaa viatu."

Hospitalini alipokelewa na daktari wa tumbo, binti mpole mwenye sauti ndogo. Alimpitishia mdomoni mrija mwembamba wenye kamera. Siku nyingine wakapima nguvu ya kumeza. Kisha tukaitwa wote wawili. Pembeni alikaa nesi ambaye kila neno analosikia analiandika. Nikampa jina: Nesi Kalamu.

"Baba," daktari akasema, "chakula hakianguki tumboni kama jiwe kisimani. Kinapita kwenye njia inayoitwa umio. Misuli ya umio inakisukuma. Chini kabisa kuna mlango wa misuli. Mtu akimeza, mlango unafunguka. Wako haufunguki vizuri. Neva zinazouamrisha zimeharibika."

"Nani kaziharibu?" nikauliza. "Jirani anasema amelogwa."

"Hakuna aliyeziharibu, mama. Ni ugonjwa. Si uchawi, hauambukizi, wala hautokani na mapishi yako."

"Hilo la mapishi liandike," nikamwambia Nesi Kalamu. Akaliandika kweli.

Daktari akaendelea. "Neva hatuwezi kuzirudisha. Lakini mlango tunaweza kuulegeza. Mgonjwa analazwa usingizi kwa dawa. Tunapitisha puto dogo mdomoni hadi kwenye mlango. Tunalijaza maji, nalo linautanua. Kwa puto la zamani, tunachagua ukubwa kwa makadirio. Sasa kuna puto jipya, bado tunalijaribu. Ndani yake mna vipimo. Linapotanuka, skrini inaonyesha upana wa mlango palepale."

Fundi alikuwa ameinamisha kichwa. Akakiinua.

"Yaani mnapima huku mnashona?"

"Hivyo hasa, baba."

"Basi nimekubali. Namjua fundi anayekata kwa kukisia. Wateja wake wote wana mikono mifupi."

"Usikimbilie kusaini," Nesi Kalamu akasema. "Huu ni utafiti. Hatujui bado kama puto hili ni bora kuliko la zamani. Limeshatumika kwa watu kumi na wanane hapa. Wewe utakuwa wa kumi na tisa. Na hatari ipo. Umio unaweza kuchanika. Ni mara chache, lakini ikitokea unaweza kuhitaji upasuaji."

"Nikikataa?"

"Utatibiwa kwa njia ya zamani, hapahapa. Hakuna atakayekununia."

"Nikikubali, halafu nikaghairi?"

"Unasema tu nimeghairi. Hata ukiwa umeshapanda kitandani."

Tukapewa karatasi twende nayo nyumbani. Mimi niliishia darasa la saba, lakini niliisoma yote, neno kwa neno. Fundi alifikiri siku nne. Siku ya tano akasaini.

Nesi Kalamu akatuagiza. Siku mbili kabla, anywe vinywaji visivyo na chembe tu. Kuanzia jioni ya mwisho, asitie chochote mdomoni. Nikaitika vizuri sana. Mimi kuitika naweza.

Asubuhi ya siku yenyewe nilimtazama akivaa shati. Mifupa ya mabega ilionekana kama kiango cha nguo. Nikashindwa. Nikamkorogea kikombe cha uji mwepesi.

"Tumekatazwa," akasema.

"Umekatazwa chakula. Uji si chakula. Uji ni maji yaliyosoma kidogo."

Akanywa ili asiniudhi.

Tulipofika, Nesi Kalamu akamwuliza, "Baba, umekula au kunywa chochote tangu jana jioni?"

Fundi akanitazama. "Hapana," akasema. Alikuwa ananifichia aibu.

Nesi akaandika. Kisha akaongeza, "Vizuri. Maana kwako chakula hukaa kwenye umio saa nyingi. Ukilala kwa dawa, kinaweza kurudi juu na kuingia kwenye mapafu. Mtu anaweza kufa."

Wakaanza kumsogeza kwenye kitanda cha magurudumu. Nilitaka dunia inimeze, maana mume wangu mwenyewe hawezi kumeza. Nikapaza sauti.

"Simamisheni! Amekunywa uji! Nimempa mimi, saa kumi na mbili, kikombe kizima!"

Ukumbi wote ukageuka. Fundi akafumba macho. Nikangojea kufukuzwa.

Nesi Kalamu akaweka kalamu chini kwa mara ya kwanza. Akanishika mkono.

"Asante, mama. Umemwokoa."

"Mtamfukuza kwenye utafiti?"

"Hapana. Atarudi wiki ijayo. Ukweli ndio tunaouhitaji hapa kuliko kitu kingine."

Wiki ile nililinda mlango wa jiko dhidi yangu mwenyewe. Safari hii Fundi alifika tumbo tupu. Daktari akaniruhusu nitazame kupitia dirisha la kioo.

Nimezaa watoto watano, lakini sijawahi kuona jambo kama lile. Hakuna kisu, wala damu niliyoiona. Mrija tu, na mikono yenye utulivu. Kwenye skrini likatokea umbo la puto. Katikati limebanwa, jembamba kama kiuno cha nyigu. Pembeni kulikuwa na nambari. Ilisema milimita saba. Saba! Tundu la kupitisha penseli. Mume wangu alikuwa amekula mwaka mzima kupitia hapo.

Daktari akaongeza maji kidogo. Kumi na moja. Akasubiri. Kumi na tano. Kiuno kikagoma, kisha kikaanza kulegea. Ishirini. Ishirini na sita. Umbo likanyooka. Daktari akasema, "Inatosha." Hakuongeza hata tone. Aliona mahali pa kuishia, kwa hiyo akaishia.

Nikajikuta nimeshika kioo kwa viganja viwili. Nesi akaja kufuta alama za viganja vyangu kwenye kioo.

Fundi alipoamka, wakamwangalia kwa saa kadhaa kama hana homa wala maumivu ya kifua. Umio haukuchanika. Kesho yake tukaruhusiwa.

"Ugonjwa haujaisha," daktari akatuonya. "Mlango unaweza kukaza tena. Ale taratibu, atafune sana. Asilale mara baada ya kula. Kifua kikiuma ghafla au chakula kikikwama, mje haraka. Na mrudi baada ya mwezi tuone."

Katika mwezi ule aliongeza kilo nne. Kikohozi cha usiku kikakatika.

Tuliporudi, wakampeleka chumba cha eksirei. Akasimamishwa mbele ya mashine, mkononi glasi ya kinywaji kizito, cheupe kama chokaa. Kinywaji hicho huonekana kwenye picha kinapopita mwilini. Mtaalamu wa eksirei akanikalisha kwenye chumba cha pili, penye skrini.

"Meza, baba," akamwambia kwa kipaza sauti.

Niliona mbavu za mume wangu. Niliona kivuli cha moyo wake kikipiga. Kisha weupe ukashuka kutoka juu, taratibu, ukafika mlangoni. Ukatua. Halafu mlango ukapisha, na weupe wote ukamwagika tumboni, laini, kama mkondo wa maji uliopata njia yake.

Nimelala na mwanamume huyu miaka arobaini na mmoja. Ndiyo kwanza nilikuwa namwona ndani. Mimi mwenye maneno mengi sikupata hata moja.

Fundi akageuza shingo upande wa ukuta uliotutenga.

"Mama watoto, mbona kimya? Kuna ubaya?"

Mtaalamu akanisogezea kipaza sauti.

"Hakuna ubaya," nikasema. "Meza tena."