Presha Haisikilizi Redio

Fundi makochi aliitwa Profesa mtaa mzima, na jina hilo alijipa mwenyewe. Shule aliikimbia mapema. Lakini watafiti walipokuja zahanati kutafuta watu wenye presha, yeye ndiye aliyetangulia kunyoosha mkono. Walitaka kujua kama kidonge kimoja chenye dawa mbili ndani yake kinasaidia zaidi kuliko vidonge viwili. Kila mwezi walimpima na kumuuliza hali. Ebo! Fundi akavimba kichwa.

"Taratibu jamani," aliwaambia wateja, misumari mdomoni. "Mnaongea na mtu wa sayansi."

Mkewe, aliyekuwa akikata vitambaa pembeni, alicheka tu. Moyoni alishukuru. Shemeji yake aliangushwa na presha, na mpaka leo upande mmoja wa mwili haufanyi kazi. Hakutaka kuyaona hayo nyumbani kwake.

Asubuhi moja redio ikatangaza mambo mazito. Wizara mbili zimeunganishwa. Waziri mpya ameingia. Tafiti zote za afya zimesimamishwa mpaka zikaguliwe. Fundi akaenda zahanati, akakuta chumba cha watafiti kimefungwa kwa kufuli.

Akarudi nyumbani, akaacha kumeza dawa. Mkewe hakuambiwa.

Wiki zikapita. Fundi alikula vizuri, alilala vizuri, na aliimba vibaya kama siku zote. Akajiona mzima kama chuma.

Siku moja mkewe akakalia kochi la mteja ili kulijaribu. Kochi likalia cha-cha-cha. Akainuka, akakaa tena. Cha-cha-cha! Akaufumua mto, na ndani ya sponji akakuta kichupa cha vidonge.

"Hivi ni vya nani?"

"Vya... mteja," akasema fundi.

"Mteja ana jina lako?"

Fundi akakohoa. "Mke wangu, serikali imesema tusimame. Mimi nani nikaidi? Halafu nimepona! Naumwa wapi?"

"Umeficha dawa ndani ya kochi la watu, halafu unajiita Profesa!" Mkewe akamtikisia kichupa usoni. "Mimi sitaki kuwa mjane kwa sababu ya taarifa ya habari. Vaa viatu!"

Kule zahanati mkewe alisimulia yote. Muuguzi alimkalisha fundi, akamwacha apumzike kwanza. Ndipo akampima. Akatazama mashine. Akampima mkono wa pili.

"Mzee wangu, presha iko juu sana."

"Mashine yenyewe ina nembo ya wizara ya zamani," fundi akajitetea. "Haina mamlaka tena."

Muuguzi alicheka, kisha akaacha kucheka. "Mzee, presha haimjui waziri. Wala haisikilizi redio. Kilichosimama ni utafiti. Ugonjwa wako haukusimama."

"Lakini siumwi popote!"

"Hiyo ndiyo hila yake. Mara nyingi presha haiumi. Wewe unaimba, yenyewe inaharibu moyo, figo na ubongo kimyakimya. Ulipokuta kufuli kule, ungegonga mlango wangu. Dawa za kawaida za presha zipo hapa. Usiache dawa bila kumuuliza mhudumu wa afya. Na vile vya ndani ya kochi nipe mimi."

Mkewe akamtazama fundi. Fundi akatazama dari.

"Na kwa nini hatukuambiwa?" akauliza fundi.

"Mlipaswa kuambiwa," muuguzi akasema. "Agizo lilikuja ghafla, watafiti wakaondoka siku hiyohiyo. Hata mimi sikuachiwa majina yenu."

"Majina?" Fundi akainuka. "Sisi tulikuwa tunapiga soga benchi moja kila mwezi. Wote nawajua!"

Akaanza kupita nyumba kwa nyumba. Mshona viatu alikuwa ameacha dawa kabisa. Mwalimu mstaafu alikuwa anameza leo, kesho anaruka, "ili visiishe haraka." Wote wawili akawapeleka kwa muuguzi. Kwa muuza mkaa alichelewa. Alimkuta kitandani, mdomo umepinda, binti yake anamlisha uji kwa kijiko. Fundi akashika mkono wake, kisha akapokea kijiko akamlisha yeye. Njiani alilia.

Mwezi uliofuata afisa wa wizara akaja kukagua zahanati. Fundi akafika na mkokoteni. Juu yake kulikuwa na kochi lisilo na sponji wala kitambaa, springi zimechomoza.

"Karibu ukae, bwana afisa."

Afisa akazitazama springi, akarudi nyuma. "Mzee, hili halijaisha!"

"Ndiyo, mheshimiwa. Niliambiwa kazi isimame kwanza."

Watu wakaangua kicheko. Afisa naye akatabasamu. Lakini fundi hakucheka.

"Mnataka kukagua, kagueni," akasema. "Ni haki yenu. Ila sisi mlituacha juu ya springi. Mwenzetu mmoja hawezi tena kusema jina lake. Na lile jibu tulilokuwa tunalitafuta, kama kidonge kimoja kinashinda viwili, nani analo sasa? Hakuna. Kabla hamjafunga mlango, mwonyesheni mgonjwa mlango mwingine."

Afisa akatoa daftari, akaandika. "Hilo hatukulifikiria," akakiri. "Nitalifikisha."

Akalifikisha kweli. Likatoka agizo jipya: utafiti wowote ukisimamishwa, wagonjwa wake wakabidhiwe kwanza kwa zahanati. Watafiti nao wakarudi baadaye, ingawa miezi mingi ilikuwa imepotea na jibu likachelewa. Muuza mkaa hakurudi benchi. Fundi humpelekea habari nyumbani, humsomea hata bei za mkaa.

Siku ya fundi kupimwa tena, mkewe alikaa karibu, vidole vimefungamana. Muuguzi akaitazama mashine.

"Imeshuka, mama. Akiendelea na dawa hivi, utakuwa naye miaka mingi."

Mkewe akafunika uso kwa kanga, mabega yakitikisika. Fundi akaogopa. "Mke wangu, unalia?"

"Miaka mingi," akasema mkewe akifuta machozi, "na bado utakuwa unaimba!"