Mteja wa Majaribio

Kosa lenyewe lilianza dogo, la kuchekesha hata. Sitati alimketisha Jaswant Singh, mwenye duka la mbegu na dawa za mifugo pale Kitale, mbele ya kompyuta mpya. Akamwambia aandike jina la mteja yeyote, abonyeze kitufe cha kuhifadhi, ajionee maajabu. Mzee akaandika kwa kidole kimoja jina la Kimaiyo, mkulima wa Cheptais aliyekuwa kaunta akingoja dawa ya kupe. Akabonyeza. Kioo kikafumba na kufumbua, na pale palipokuwa na Kimaiyo pakatokea jina jingine.

NALIAKA.

"Hii nani?" Jaswant akauliza. "Mimi jua wateja yangu yote. Hii hapana jua."

"Ni jina la majaribio tu, mzee," Sitati akasema, masikio yakimwaka. "Nilisahau kulifuta."

Na kweli lilikuwa la majaribio. Mwaka ule wa tisini na sita kompyuta zilikuwa chache mjini, na aliyejua kuiwasha alisalimiwa kama daktari. Tusimfichie Sitati: utaalamu wake ulikuwa cheti kimoja cha chuo kilichokuwa ghorofani, juu ya duka la viatu Bungoma, pamoja na tai mbili. Alijua kutengeneza dirisha lenye vitufe vya kupendeza. Kilichokuwa kikiendelea nyuma ya vitufe hakukijua sana. Basi alifanya kama wanavyofanya wanafunzi wote wa kazi ile, akabuni mteja wa uongo wa kujaribia. Unamwingiza, unamfuta, unamwingiza tena, unamfuta, mpaka programu ikutii. Wengine huandika jina la mbwa wao. Sitati aliandika jina la dada yake mkubwa, aliyekufa msimu wa palizi uliopita, na hata yeye hakuweza kueleza vidole vyake vililitoa wapi.

Kwao Bokoli jina la marehemu halichezewi. Aliyekufa hukaa kando akingoja mtoto azaliwe, apewe jina lake, ndipo atulie. Sitati aliyajua hayo tangu utotoni. Lakini sasa alikuwa mtu wa tai, na mkewe Jelimo alipojifungua msichana, Sitati alisema mtoto ataitwa Sharon, basi, hataki watu waje kuita majina ya wafu nyumbani kwake. Jelimo alitoka mlimani, ambako pia wafu huitwa mmoja mmoja mpaka mtoto apige chafya kwa jina lake. Alinyamaza kwa heshima, lakini hakuridhika.

Siku ile Sitati alipekua programu yake mpaka akalipata kosa. Dirisha lilikuwa likibaki na maandishi ya zamani kwa sababu hakuliagiza lijisafishe. Akaliagiza, akamfuta Naliaka, akaenda zake akipiga mluzi.

Kesho yake dirisha likaganda. Lilikataa kufungwa, likakataa kitufe chochote, mashine ikawa inanguruma tu. Hilo nalo ni kosa la wanaoanza. Alikuwa ameiambia programu isome majina mpaka mwisho, akasahau kuiambia ivuke kutoka jina moja hadi jingine, kwa hiyo ilikuwa ikisoma jina lile lile bila kukoma. Hakuhitaji kuuliza ni lipi. Lilikuwa pale kwenye kioo, na printa iliyokuwa mezani ikaamka yenyewe ikaanza kukwaruza karatasi, NALIAKA, NALIAKA, NALIAKA, mpaka Sitati akaichomoa kwenye umeme mbele ya wateja.

"Ati inaita nani hiyo?" mtu mmoja akauliza, na wengine wakacheka.

Alisahihisha, akalifuta, likarudi, akalifuta tena. Safari hii, alipobonyeza kufuta, harufu ikamjia. Duka lile lilinuka dawa ya kuogeshea ng'ombe na mbolea, kila siku, mtu alishazoea. Harufu hii ilikuwa ya majani ya mahindi yaliyolowa na moshi wa kuni uliokaa kwenye nguo. Aliijua. Aliinamia meza akajifanya anatafuta kalamu.

Jioni Jelimo alimpokea mlangoni, mtoto begani.

"Baba Sharon, huyu mtoto sijui ana nini," alisema kwa sauti ya chini. "Alikuwa ananyonya vizuri, mara akaacha titi akalia kama mtu amefinywa. Ikapita. Halafu tena."

"Saa ngapi?"

"Wakati wa chai. Tena wakati naanika nguo. Kwani?"

"Nauliza tu."

Wakati wa chai ndipo alipomfuta Naliaka mara ya kwanza siku ile, na nguo zilianikwa mawingu yalipoachia jua, saa ile ile alipomfuta tena. Alikula chakula chake bila kuonja. Mwanamume mwingine angesema yote pale pale. Sitati aliona haya, na haya ikishakaa kooni haipishi maneno.

Angeweza hata kuacha. Lakini Jaswant alikuwa amemwalika binamu yake, Gurdip, mwenye duka Bungoma, aje aone programu, na Gurdip akiipenda Sitati angepata kazi ya pili. Jina la yule marehemu likitokea mbele ya Gurdip, kila mtu angejua kwamba fundi ni mwanafunzi. Akafungua kitabu cha maelezo, ambacho kwa kiburi alikuwa hajakisoma, na humo akaikuta aibu yake wazi. Amri ya kufuta, kumbe, haifuti. Inatia alama tu. Jina linaacha kuonekana, lakini lenyewe limekaa mle mle ndani. Wanaoanza wote hujikwaa hapo. Ukitaka liondoke kweli kuna amri nyingine, inayopanga faili upya na kumtupa nje kila aliyetiwa alama, na huyo harudi tena.

Ilikuwa alasiri, na mvua ya Kitale ilikuwa imelitia duka giza. Wateja walijibana mlangoni wakingoja ikatike. Sitati akaiandika amri ile, na kabla hajaibonyeza alisikia ile harufu ikija, si kwa ghafla kama mwanzo, ila polepole, kama mtu anayekaribia kwa adabu asije akasumbua, ikapita kaunta, ikapita magunia ya mbegu, ikasimama nyuma ya kiti chake karibu kabisa hata akahisi ubaridi wa nguo mbichi kwenye shingo, na shingo ikamkatalia kugeuka, na kidole chake, ambacho angeweza bado kukiondoa, ambacho kila kitu ndani yake kilikuwa kikimsihi akiondoe, kikashuka.

"Haya, basi," mtu akasema nyuma yake, taratibu.

Kisha akasikia akala, vile viatu vya mpira wa gari, vikipiga saruji kwenda nje, pa, pa, pa. Kimaiyo, aliyekuwa amesimama mlangoni, akajisogeza kando kumpisha mtu. Hakupita mtu.

Faili ilikuwa safi. Gurdip alikuja, akaona, akasifu, akaagiza yake. Sitati alirudi nyumbani na habari njema mdomoni, akakuta nyumba kimya. Jelimo alikuwa ameketi kitandani na mtoto mapajani, na mtoto alikuwa ametulia, macho wazi, akiangalia ukuta.

"Halii tena," Jelimo akanong'ona. "Hata hanyonyi. Nimemwekea titi mdomoni, hafungi mdomo."

Daktari wa hospitali alimpima akasema haoni ugonjwa. Alimtundikia maji, akawaruhusu, akasema warudi hali ikiwa mbaya, kana kwamba ile ilikuwa nzuri. Mtoto alikonda mbele ya macho yao. Alipepesa macho kwa nadra, hakulia. Jelimo hakumuuliza mumewe ruhusa. Alituma mtu Bokoli akamwite Senge Nasambu, dada wa baba yake Sitati, na Senge akafika na kibuyu chake kidogo cha ugoro.

Alimweka mtoto mapajani, akampaka ugoro kidogo chini ya pua, akaanza kuita. Aliwaita babu na bibi, akawaita waliokufa vitani, akavuka hadi wa upande wa Jelimo kadiri Jelimo alivyomtajia. Kwa kila jina alisubiri. Mtoto hakupiga chafya wala kulia. Alipofika kwa Naliaka, Senge akainua uso, akanusa hewa ya chumba kile.

"Hapa kuna mahali pameziba," akasema. "Huyu mutu alikuwa amekuja kwa mutoto. Alifika karibu kabisa. Nani alimufukuza?"

Sitati alitazama sakafu.

"Papa, mutoto wa ndugu yangu, nakuuliza. Nani alimufukuza?"

Ndipo akasema, kwa sauti ambayo Jelimo alilazimika kuinama aisikie. Akaeleza habari ya jina na ya kulifuta. Senge hakuelewa kompyuta, ila alielewa kuitwa na kufukuzwa, kuitwa na kufukuzwa.

"Na mwanzo?" akauliza. "Huwezi kuwa ulianzia hapo."

Mwanzo ulikuwa hivi. Naliaka aliacha shule ili Sitati asome, akalima kwenye mashamba ya watu mvua na jua, na ada ya chuo cha Bungoma ilitoka kwenye jembe lake. Sitati alipopata kazi kwa Jaswant, dada alipanda kutoka Bokoli kuja kumwona. Alifika mlangoni mwa duka akiwa na akala miguuni na furushi la murere, ile mboga aliyoipenda Sitati tangu utoto. Jaswant akauliza, "Huyu nani?" Na Sitati, tai shingoni, wateja wakitazama, akasema, "Sijui, mzee. Ni mama wa kuuza mboga."

Naliaka alisikia. Alimtazama mdogo wake kidogo tu, kisha akamwambia Jaswant, "Ndiyo, mzee, nauza mboga." Jaswant akainunua ile murere. Naliaka akapokea pesa, akashukuru, akashuka tena kwao bila kuingia ndani. Alifanya hivyo ili mdogo wake asifedheheke. Muda si mrefu homa ikamchukua.

Jelimo alikuwa analia. Senge hakulia.

"Basi haitwi hapa nyumbani," akasema. "Utaenda kumwita pale mlangoni ulipomukana. Mchana, na watu wakiwa."

Kesho yake duka lilijaa wakulima waliokuja kuchukua mbegu. Sitati alisimama kwenye kizingiti, uso barabarani. Pembeni yake alisimama Jelimo na yule mtoto, mwepesi kama kitambaa, na Senge.

"Naliaka," Sitati akasema chini kwa chini.

"Hata mimi sijasikia," Senge akamwambia.

"Naliaka!" Akapaza sauti, na duka lote likageuka. "Dada yangu! Nimekosa. Ingia ndani!"

Mtu mmoja akacheka. Mwingine akasema, "Fundi amechanganyikiwa, bana." Sitati aliona jasho likimchuruzika chini ya tai, akatamani ardhi ipasuke, na akaita tena, na tena, mpaka waliocheka wakaacha. Ndipo harufu ikaja kutoka barabarani palipokuwa pakavu na jua kali, majani ya mahindi yaliyolowa, moshi wa kuni, ikamgusa bega, ikampita. Akala zikapiga saruji nyuma yake, pa, pa, pa, zikasimama. Hakuthubutu kugeuka.

"Ah!" sauti ya Jaswant ikasema kwa furaha kutoka kaunta. "Mama ya mboga! Wewe potea sana. Leo leta mboga?"

Wengine wote waliona mzee anamnyooshea mkono mtu asiyekuwapo.

"Anangoja wewe," Senge akanong'ona. "Jibu, papa. Mutoto anaenda."

"Si mama wa mboga, mzee," Sitati akasema, bado uso barabarani, machozi yakimwingia mdomoni. "Ni dada yangu. Baba mmoja, mama mmoja. Yeye ndiye alinisomesha. Nilimwonea haya."

Chafya ikasikika. Ndogo, kali, ikafuatwa na kilio cha njaa kilichowashtua hata waliokuwa nje. Jelimo akaketi papo hapo juu ya gunia la mbolea, akafungua blauzi mbele ya watu wote, na mtoto akashika titi kwa nguvu hata mama akaguta.

"Naliaka," Jelimo akawa anamwambia, "Naliaka, nyonya, mama, nyonya."

Sitati akageuka. Jaswant alikuwa amesimama pale pale, akitazama kiganja chake. Alikuwa ameacha kutabasamu. Kiganja kilikuwa na udongo, mweusi, mbichi, kama wa shimo lililochimbwa sasa hivi.

"Sitati," mzee akasema polepole. "Mkono yake baridi sana."

Sitati alitaka kwenda kumwona mwanawe, lakini hakusogea, kwa sababu mtoto alikuwa ameacha kunyonya kidogo na kugeuza shingo, akamtazama moja kwa moja, kimya, kwa muda mrefu kuliko mtoto mchanga anavyoweza kumtazama mtu. Alibaki mlangoni ameinamisha kichwa mpaka Jelimo alipomwita aje amsalimie dada yake.