Abiria wa Basi la Chanika

Basi lilifika Kinondoni adhuhuri, likikokotwa na lori kutoka Chanika. Lilikuwa tupu, halina hata kuku ndani, na bado springi zake za nyuma zilikuwa zimelala kama vile limepakia watu hadi mlangoni. Mwanaheri aliliona hilo akiwa uani na mwiko mkononi. Hakuwa fundi, lakini alikuwa mke wa fundi, na gari lililoelemewa alilijua.

Kisha ikamfikia harufu, nzito, tamutamu, ya kitu kilichooza kikafunikwa. Akaziba pua kwa upande wa kanga.

"Mume wangu, mmebeba nini humo?"

"Kutu tu," alisema Bakari akiruka kutoka kwenye usukani, meno yote nje. "Kutu ya zamani. Muulize Bwana Hilal, atakwambia ina thamani kuliko mie na wewe."

Bwana Hilal, mwenye duka la vitambaa Kariakoo, alikuwa mwenyekiti wa Chama cha Magari ya Kale, kikundi cha watu wenye nafasi zao na mapenzi ya ajabu kwa vyuma vilivyokufa. Basi hilo lilikuwa la njia ya Chanika tangu miaka ya ishirini, likaharibika, likaachwa porini kabla ya vita ya Hitla. Sasa chama kilitaka kulifufua. Vipuri vingeagizwa Ulaya na vingefika siku vitakayofika. Mpaka hapo basi lingekaa uani kwa Bakari, kwa kuwa kiwanja kilikuwa cha Hilal na Bakari alikuwa fundi wake. Mwanaheri hakuulizwa. Mpishi wa nyumba huulizwa chumvi, haulizwi mabasi.

Mambo ya Chanika alisimuliwa jioni, kwa vicheko. Sakafu ya basi walikuwa wameikuta imetapakaa maganda ya mayai, unga ulioota ukungu na matumbo ya mbuzi yaliyokaukia vitini, maana wenyeji kila wakichinja walipeleka sehemu mle. Wakafagia vyote. Bibi mmoja akawaambia wachukue chombo chao, ila waondoke kimya, wasiite mtu. Wakajaza makumbi ya nazi ndani ya matairi, wakafunga mnyororo, Bakari akashika usukani. Na Bakari, kabla ya ufundi, alikuwa taniboi wa mabasi, mwita abiria mlangoni, kwa miaka. Lori lilipovuta, mdomo ulimwasha.

"Nikatoa kichwa dirishani," alisema akijipiga paja. "'Kinondoni! Kinondoni hiyo! Pandeni, bado wawili tu!' Yule bibi akatoka mbio, mke wangu. Na uzee wake ule!"

Mwanaheri alicheka kidogo, kwa kumridhisha.

Walikuwa kwenye mwaka wa pili wa ndoa, na alimpenda Bakari kwa unadhifu wake kuliko yote. Mwenyewe alikuwa mtu wa kinyaa tangu utotoni. Unywele mmoja kwenye mchuzi ungemshindisha njaa. Shangazi yake wa Temeke alikuwa akimtania kwamba siku moja ataosha na maji yenyewe. Ndiyo maana aliona mapema: Bakari aliacha kunawa. Kisha akaacha samaki wa nazi, akisema hawana ladha. Kisha akaanza kushinda ndani ya basi mchana kutwa, madirisha yamefungwa, jua la utosi likilichemsha bati, na akitoka shati lake linanata na midomo yake inang'aa kwa mafuta ambayo hakuyapata jikoni kwake.

Nzi nao walikuwa hawaendi jalalani tena. Walikaa juu ya basi, weusi tii, wametulia.

Siku moja mchana, Mwanaheri alimwaga matumbo ya samaki nyuma ya choo, akarudi baada ya muda kumwaga majivu, akakuta hayapo, na hapakuwa na paka wala kunguru, ila mchirizi wa majimaji uliokatiza uani hadi kwenye ngazi ya basi. Akaufuata huku kanga iko puani, akapanda ngazi ya kwanza iliyoteleza kama imepakwa kamasi, akapanda ya pili, na joto la mle ndani likampiga usoni pamoja na uvundo mzito kiasi cha kuuhisi ulimini, na pale kiti cha nyuma, kati ya viti vitupu ambavyo vyote vilikuwa vimebonyea kama vimekaliwa, akamwona mumewe ameinama juu ya beseni, anasukumia matumbo yale kinywani kwa mikono miwili, na funza weupe wanamtambaa kwenye ndevu.

"Bakari," alinong'ona.

"Shii," mumewe alijibu taratibu, bila kuinua uso. "Wanakula."

Alitapika palepale ngazini. Alikimbia ndani, akafunga nguo zake kwenye shuka ili aende kwao Temeke, akafika nayo barabarani, akasimama. Alimwonea kinyaa mumewe, na bado akiondoka nani angembakia yule mwanamume? Bwana Hilal alikuwa amekuja juzi, leso puani, akashauri Bakari apewe haluli ya kusafisha tumbo, na kuhusu basi akasema limeshafika, halirudi porini. Mwanaheri akaurudisha mzigo ndani, akaenda Magomeni kwa Bi Chausiku, mganga.

Bi Chausiku alikuja alasiri na mwavuli wake, mama mnene, msafi, ananukia asumini. Alilizunguka basi mara moja akatema mate.

"Hawa hawakuvamia," alisema kwa sauti ya chini. "Waliitwa, wakapanda. Kule walilishwa, huku wanalishwa kwa kinywa cha mumeo. Aliyewapandisha ndiye atakayewashusha. Ila sikiliza, mwanangu. Wakishuka atatoa machafu. Mtu asimguse mpaka nimwoshe mie. We si mtu wa kinyaa?"

"Sana, bibi."

"Basi leo kinyaa chako ndiyo hirizi yako. Kaa nacho."

Wakamkalisha Bakari kwenye usukani, chetezo kikafukizwa ubani hadi basi likajaa moshi. Alilia kama mtoto. Alikataa. Mwishowe sauti yake ya utaniboi ikatoka, imekwaruza: "Mwisho wa njia! Shukeni! Shukeni nyote!"

Springi zikalia. Ngazi ikabonyea na kuinuka, ikabonyea na kuinuka, na kila ikiinuka palibaki alama ya unyevu mchangani, na basi likazidi kunyanyuka, na Bakari akaanguka mlangoni anatapika nywele, maganda ya mayai, matonge meusi yaliyokuwa yakicheza, hadi tonge moja likamkwama kooni na macho yakamtoka, akamnyooshea mkewe mkono, "Mwana, Mwana," halafu hata hilo likakatika.

"Subiri! Naja!" alipiga kelele Bi Chausiku kutoka upande wa pili wa basi, lakini alikuwa mnene na alikuwa mbali.

Mwanaheri hakukumbuka kinyaa. Alipiga magoti kwenye matapishi, akaingiza vidole vyake kooni mwa mumewe, akalivuta lile tonge, vuguvugu, laini, likamteleza kiganjani na kupotea. Bakari akavuta pumzi.

Bi Chausiku alifika, akaitazama mikono ya Mwanaheri.

"Umemgusa."

"Alikuwa anakufa, bibi."

Mganga hakumgombeza. Alimwosha mikono kwa marashi, akarudia, akarudia tena, na hakumtazama usoni.

Basi lilisimama wima tangu siku hiyo, Bwana Hilal akalifunika turubai lingoje vipuri vyake. Nzi wakatawanyika. Bakari akapona, akaona aibu, akawa anaoga kutwa mara tatu na kumwomba mkewe samaki wa nazi.

Ijumaa Mwanaheri akaketi uani kupara changu. Akawapasua, akayatoa matumbo, akayaweka pembeni juani kwenye sufuria. Aliyaacha yakae. Yalipoanza kutoa harufu alingoja kichefuchefu kimpande, kama ilivyokuwa maisha yake yote, na hakikupanda. Mate yakamjaa mdomoni. Alitazama mlango wa nyumba, akalia machozi kimya kimya, na mkono wake ukaenda kwenye sufuria.

"Mke wangu!" Bakari aliita kutoka ndani, kwa furaha. "Samaki wanakuja?"

"Wanakuja," alijibu Mwanaheri, kinywa kimejaa.