Waambie Kwanza

Malori yalikuwa yamepanga foleni hadi karibu na stendi ya Tunduma, honi juu ya honi, na Ezron, wakala wa forodha, alikuwa anapenya katikati na makaratasi ya mzigo alipomwona mpenzi wake, Tumpale. Miezi mitatu hapokei simu! Leo huyu hapa, kitenge cha bluu, kilemba kimelegea, mgongoni amembeba kijana mwenye ndevu.

"Kumbe ndiye huyu?" Ezron alifoka. "Nimeambiwa umepata dereva wa Zambia."

"Shikamoo, shemeji," kijana akasema, anacheka. "Mimi hata baiskeli sijawahi kuendesha."

"Ni Isaka, mdogo wangu," Tumpale alisema. "Hatembei tangu ana miaka kumi na moja."

Wakamketisha kwenye benchi la muuza chai, na Tumpale akasema yote. Vipimo vya damu vimeonyesha hivi: ndani ya misuli kuna protini, na ncha yake moja kazi yake ni kushika nyuzi nyembamba zinazokaza misuli. Katika ukoo wao ile sehemu ya kushika imejikunja vibaya. Haishiki sawasawa, misuli inachanika kidogo kidogo, mwisho hata moyo.

"Na mimi ninabeba kasoro hiyo, Ezron. Siumwi, ila kila mtoto wa kiume nitakayezaa, ni nusu kwa nusu."

"Ndiyo ukanikimbia? Tuzae, tusizae, mpenzi, mimi nakutaka wewe."

Jamani, alivyotabasamu!

"Ila washenga wetu wakija kwenu kuuliza magonjwa ya ukoo," Ezron akaongeza, "nyamazeni tu. Mama yangu asijue."

Tabasamu likaisha pale pale. "Wajomba zangu walikufa hivi, bibi akanyamaza. Mama akaolewa bila kujua. Waambie kwanza wazazi wako, ndipo unipigie."

Huko kwao Isongole, Tumpale alitembea na simu wiki mbili nzima, shambani, kisimani, hata kwayani, mpaka mwalimu wa kwaya akamgombeza. Alimpenda Ezron, na upweke ulimkondesha. Jumapili mchana simu ikaita.

"Nimewaambia."

"Wamesemaje?"

"Wamekataa."

"Na wewe je, mpenzi?"

Alisikia lori likipita upande wa pili wa simu, kisha lingine.

"Nitafanyaje, Tumpale? Ni wazazi wangu."

"Asante kwa kuwaambia." Akakata simu, akamgeuza Isaka ubavu wa pili asipate vidonda.

"Ni shemeji?" Isaka aliuliza.

"Hakuna shemeji," akajibu, akaketi kando yake kitandani, akalia kwa sauti, majirani wasikie; kunyamaza alimwachia bibi.