Mpangaji Ndani ya Kadi

Jumapili adhuhuri Bustani ya Rivadavia hufurika watu wanaobadilishana kadi za mchezo wa simu, na Ludmila, fundi wa meno ya bandia, alikuwa amevaa koti la njano lililomvuta hata asiyetaka kutazama. Alikosa kadi moja tu: ile ambayo msimbo wake, ukiuskani kwa simu, hufungua nyumba ya mwisho ya mchezo.

"Ninayo," alisema mwanamume mrefu, shati lake limepigwa pasi upande mmoja. "Iko ndani ya pakiti bado. Ila siuzi, nabadilisha na namba yako ya simu."

"Bei yako iko juu hivyo?"

"Na hapo sijaomba chakula cha jioni, mrembo."

Jina lake Anselmo. Kwa wiki tatu walipigiana simu mpaka masikio yakapata joto. Ludmila alikuwa ameshadanganywa na mchumba mmoja, na mtafunwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Lakini huyu wa sasa, Ludmila akaanza kumwamini. Pakiti aliyopewa na Anselmo aliitunza bila kuifungua, kwa mapenzi tu, hadi alasiri moja ya mvua alipoichana na kuuskani msimbo.

Msimbo hufunguka mara moja tu, na nyumba huja tupu. Hii ilikuwa na mtu. Mwanamke aliyevaa aproni alikuwa akiosha vikombe, taratibu, na mlangoni palikuwa pameandikwa jina: Graciela. Ludmila aliogopa, kisha akakasirika. Akapiga simu.

"Umenipa kadi iliyotumika, ukaifunga upya. Graciela ni nani?"

Anselmo akashusha sauti.

"Nani amekutajia jina hilo?"

"Limeandikwa hapa."

"Nakuja," alisema Anselmo.

Alifika amelowa, akaitazama simu, akaketi kabla ya kukaribishwa. Graciela alikuwa mkewe. Pakiti ile Graciela aliinunua mwenyewe asubuhi ya siku aliyokufa, miaka sita iliyopita, na hakuna aliyewahi kuifungua.

"Hukuniambia ulikuwa na mke."

"Niliogopa utaniona nusu mtu."

Ludmila aliishika pakiti dirishani, akaikagua kama anavyokagua meno ya wateja. Gundi ilikuwa ya kiwandani. Hakukuwa na alama nyingine ila ya kucha zake mwenyewe. Simu ikauliza: Mpangaji atolewe? Ndiyo au Hapana.

"Bonyeza wewe," alisema Anselmo. "Mimi siwezi. Lakini sitaki kukukosa."

Ludmila akabonyeza Hapana.

"Hiyo nyumba ni yake, mpenzi. Mimi naitaka ile unayoishi wewe. Ila lazima uniombe nihamie."

Anselmo akamwomba papo hapo, maji yakimtiririka shingoni, naye akakubali. Walipoangalia tena simu, wameshikana mikono, chini ya jina la mlangoni palikuwa na mstari mpya: Wapangaji, watatu. Ludmila aliogopa sana, lakini hakuuachia mkono wa Anselmo.