Mota Isiyopimwa

Kila siku akitoka shule, Kiherehere alipitia karakana ya mama yake, akavua sare, akavaa koti la kazi lililomfika magotini, akaanza kwa kufagia. Jina hilo alibandikwa na kaka yake kwa sababu ya maswali yake yasiyokwisha, likamganda mpaka hata walimu wakalizoea. Hakulichukia. Aliona afadhali kuitwa Kiherehere kuliko kuwa msichana wa kuitikia tu.

Karakana yao ilitengeneza mota za magari ya umeme. Mota ya namna hiyo hupata moto ikifanya kazi, kwa hiyo hupozwa kwa maji yenye dawa yanayozunguka ndani ya ganda lake. Maji hayo yakivuja na kugusa nyaya, mota huungua. Ndiyo maana mafundi humimina gundi nzito juu ya nyaya. Ikishaganda huwa ngumu kama jiwe, na maji hayapati pa kupenya.

Kaka ndiye aliyekuwa akimimina. Kazi ya Kiherehere ilikuwa kupaka sabuni kwenye maungio wakati kaka akijaza upepo ndani ya mota. Sabuni ikitulia, mota ni nzima. Ikitoa mapovu, inavuja. Mota ikifaulu, Kiherehere aliibandika karatasi ya kijani iliyoandikwa IMEPIMWA.

Alhamisi moja mama alikuwa ametoka kwenda kununua vipuri. Dereva wa zahanati alisimama karibu na meza akichezesha vidole bila kutulia. Gari lake la wagonjwa lilikuwa juu ya jeki, na mota yake iko mezani.

"Fundi, vipi? Niliambiwa asubuhi, sasa jua linageuka," dereva akasema.

"Tayari, mzee. Tunaifunga sasa hivi," kaka akajibu. Akamgeukia mdogo wake. "Bandika karatasi."

"Hatujapima."

"Bandika. Nimeimimina mwenyewe, naijua."

Kiherehere akainama juu ya mota. Pale nyaya zinapotokea, gundi ilikuwa na vitundu vidogo vidogo kama vya sponji. Akaibonyeza kwa ukucha. Ukucha ukaacha alama.

"Kaka, bado laini. Na imeingia hewa. Uliikoroga haraka."

Uso wa kaka ukabadilika. Alikuwa fundi mzuri, na hakuna aliyelijua hilo kuliko Kiherehere, maana kaka ndiye aliyemfundisha kushika bisibisi. Akamvuta kando.

"Usinitie aibu mbele ya mteja. Mimi ni mkubwa wako. Bandika, tuendelee."

"Sibandiki."

"Umesemaje?"

"Nimesema sibandiki. Karatasi inasema imepimwa, na haijapimwa."

Kaka akampokonya karatasi, akaibandika mwenyewe. Kiherehere akanyoosha mkono, akaibandua mbele ya macho ya dereva, akaikunja, akaitia mfukoni. Alikwenda akasimama katikati ya meza na gari.

Dereva akacheka kwa hasira. "Huyu mtoto kaota pembe. Kuna mjamzito wa kupelekwa hospitali leo. Unajua unachokifanya?"

"Najua, mzee. Ndiyo maana sitoki hapa. Mota ikiungua njiani naye yumo ndani, utamshusha wapi?"

Dereva akageuka kuliangalia gari lake.

"Toka hapo kabla sijakutoa," kaka akafoka.

"Nitoe. Mama akirudi nitamwambia hivi hivi."

"Utaniambia nini?"

Mama alikuwa ameingia, mfuko wa vipuri begani. Wote watatu wakaanza kusema kwa pamoja. Akainua mkono, wakanyamaza.

"Hapa hatuamui kwa kelele. Leteni pampu na sabuni."

Kaka akajaza upepo, Kiherehere akapaka sabuni. Kwanza hakukutokea kitu. Kaka akaanza kutabasamu, na Kiherehere akainama karibu zaidi. Je, kama amekosea? Mara povu likavimba kando ya waya, likapasuka, likavimba tena.

Kaka akazima pampu. Akamgeukia dereva.

"Inavuja. Nilitaka iwahi, sikuisubiri hewa itoke. Kosa ni langu, mzee."

Mama akatoa funguo za gari lake mwenyewe, akamkabidhi dereva. "Mpeleke mgonjwa kwa hili. Lako njoo ulichukue kesho, likiwa zima."

Dereva akamtazama Kiherehere. "Binti, una ulimi mkali wewe."

"Ndiyo, mzee."

"Basi uache hivyo hivyo," akasema, akaondoka.

Kaka aliikwangua gundi yote. Safari hii alikoroga polepole, akaisubiri mpaka vipovu vikapanda juu na kupotea, ndipo akaimimina. Kesho yake walipopima, sabuni ilitulia tuli.

Hata hivyo, kaka bado alikuwa na dukuduku. Gari la wagonjwa lilipoondoka akasema, "Mama, amenipinga mbele ya mteja. Hiyo nayo ni adabu?"

"Kukuheshimu si kukunyamazia ukikosea," mama akajibu. "Angekaa kimya, yule mjamzito ndiye angelipia ukimya wake." Kisha akamgeukia binti yake. "Na wewe usivimbe kichwa. Siku ukikosea, kaka yako atakupinga vilevile."

"Nami nitabisha," akasema Kiherehere.

"Bisha unavyotaka. Ila ikionekana umekosea, useme mbele ya watu kama alivyosema kaka yako jana. Kubisha unakuweza tangu utotoni. Hilo la pili ni gumu zaidi, na nataka ujifunze kutoka kwake."